Mwalimu wa Mashine na Faili la Pointi

Ukimwambia kompyuta imekukatalia, alikuwa hainuki. Alibaki pale pale alipo, akakutazama juu ya miwani, akauliza: "Nani kafunga?" Ukijibu kwamba hakuna aliyefunga, ni mashine tu yenye kichwa kigumu, alitikisa kichwa. "Mashine haina kichwa. Kuna mutu kafunga. Tumutafute kwanza." Na kweli mlimtafuta. Hakugusa kitufe hata kimoja mpaka ajue faili ni la nani, limo kwenye folda ya nani, na wewe unayelalamika ni nani hata utake kulifuta.

Shuleni kwetu Kigobe tulimwita Mwalimu wa Mashine. Mimi nilikuwa sekretari wa shule hiyo, na bado niko, wapende wasipende. Tulikaa ofisi moja miaka tisa. Wanaomsimulia leo wanamfanya shujaa aliyemkatalia mkuu wa shule mbele ya walimu wote, na ni kweli alimkatalia. Mimi mwenyewe nimeisimulia habari hiyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu bila yeye ningefukuzwa kazi na kuitwa mharibifu wa pointi za watoto, yaani alama zao za masomo, maisha yangu yote. Lakini nimechoka kumsikia akisimuliwa kama mtu asiye na doa. Alikuwa na pande mbili, na zote mbili nimegombana nazo.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye kofia nyeupe ya kufuma ambayo mkewe, alipokuwa hai, aliifua kila Alhamisi ili iende msikitini ikiwa safi. Mfukoni alibeba kalamu nne, na ukimwazima moja ungegundua kwamba haiandiki, wala tatu zilizobaki haziandiki. Kabla ya kompyuta alikuwa fundi wa taipureta huko Jabe, karibu na soko, na vidole vyake havikuwahi kukubali kwamba taipureta zimekwisha. Alipiga kibodi kama anayetwanga. Kila muhula tulinunua kibodi mbili kwa ajili yake, na herufi A ndiyo iliyokufa kwanza. Nilipomlaumu alisema kibodi za siku hizi zimetengenezewa watu wasio na uhakika na wanachoandika.

Alipofika kwetu, kompyuta za shule zilikuwa wagonjwa. Kila mwalimu alikuja na flashi yake kutoka kwenye vibanda vya fotokopi, na kila flashi ilikuja na virusi vyake. Alivumilia mwezi mmoja. Likizo ilipofika akaja peke yake, akasafisha mashine zote, akaweka mfumo wa Linux, na tuliporudi tukakuta kila kompyuta inataka jina la mtu na neno lake la siri kabla haijafunguka. Walimu walinuna. Mwalimu wa historia, rafiki yangu mpaka leo ingawa ulimi wake hauna breki, alisema tumeletewa polisi wa mpakani ndani ya kompyuta. Mwalimu wa Mashine hakukasirika. Alimjibu kwamba polisi wa mpakani anataka kujua unakwenda wapi, yeye hilo halimhusu, anachotaka kujua ni wewe nani.

Kukataa kulikuwa kazi yake, na alikataa bila kupandisha sauti. Siku moja alikuja bwana mmoja mwenye gari refu, akataka kuona pointi za mtoto wa ndugu yake. Mwalimu wa Mashine alimwomba ndugu mwenyewe aje. Bwana akataja cheo chake. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kumweleza, kisha akarudia kumwomba ndugu aje. Mimi nilijificha nyuma ya kabati la mafaili mpaka bwana yule akaondoka na gari lake.

Hata mimi alinikatalia. Kwenye sherehe ya kufunga mwaka mwalimu wa historia alinipiga picha nikiwa nimefungua mdomo wote juu ya kipande cha samaki wa mukeke, akaiweka kwenye folda yake, akafungulia watu wote waione. Nilipojaribu kuifuta, mashine ikaniandikia kwa Kifaransa chake: Permission non accordée. Yaani hujaruhusiwa. Nikamwendea Mwalimu wa Mashine, nikitegemea urafiki wetu wa ofisi moja. Akaniuliza folda ni ya nani. Nikamwambia anajua vizuri ni ya nani. Akasema basi nikamwombe mwenyewe, kwa adabu, na ikiwezekana nimpelekee andazi. Sikumsalimia wiki nzima. Picha ilibaki, na mdomo wangu ukabaki wazi humo ndani miaka mingi.

Nisimfanye mtu wa nidhamu tupu, maana nyumbani kwake Jabe mambo yalikuwa kinyume kabisa. Geti lilikuwa halifungwi. Simu yake haikuwa na namba ya siri, na majirani waliingia kuchukua redio yake bila hodi. Stakabadhi zake, vyeti, karatasi za hospitali, vyote aliviweka ndani ya mfuko mmoja wa mchele, na alipohitaji kimoja alimwaga mfuko wote sakafuni. Shuleni alihubiri kwamba kitu chenye nakala moja kimeshapotea, kimebaki tu kupangiwa siku. Wakati huo huo diski ya shule ya kuwekea nakala ilikuwa kwake, wajukuu wameijaza katuni. Hilo tulikuja kulijua baadaye.

Na kuhusu funguo vile vile. Alisema hakuna mtu anayestahili kushika ufunguo wa vyote, hata awe mwema vipi. Kwenye Linux kuna mtumiaji mmoja mkuu, wanamwita root, ambaye mashine haimuulizi chochote. Akisema futa, inafuta. Mwalimu wa Mashine alisema ukuu huo ni wa kuazima: uuchukue, ufanye jambo moja, uurudishe, na usiuguse kamwe ukiwa na haraka. Lakini neno la siri la root alilijua yeye peke yake. Nilimuuliza siku moja itakuwaje akifa. Akanijibu kwamba nitakuwa sina tena mtu wa kumuuliza maswali mabaya, akaendelea kunywa chai yake ya tangawizi.

Umeme ulipokatika, na ulikatika mara nyingi, hakuahirisha somo. Alichukua chaki. Alasiri moja alituita walimu na wafanyakazi wote atufundishe kwa nini mashine hukubali kufuta hiki na kukataa kile. Alichukua orodha ya majina ya darasa la mwisho, ile ya kuitia watoto asubuhi, akaishika juu. Alisema faili, ambalo kwetu tunaliita fishiye, ni mtoto aliyekaa kwenye dawati, yaani banki. Folda ni ile orodha. "Mutoto anaweza kujifunga minyororo pale pale kwa banki yake," alisema. "Mi nikikata jina lake hapa, kesho hayuko wa shule. Kufuta haiko ruhusa ya mutoto. Iko ruhusa ya mwenye kushika orodha." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa namenya karanga chini ya meza, nikacheka pamoja nao, nikadhani nimeelewa.

Sasa habari ya pointi.

Ilikuwa mwisho wa mwaka wa masomo. Mwalimu wa historia alitaka kufuta mitihani ya zamani iliyokuwa imejaza folda ya walimu wote. Mashine ikamkatalia, kwa kuwa iliwekwa na mwalimu mwingine aliyekwisha kuhama. Badala ya kwenda kwa Mwalimu wa Mashine na kuulizwa yale maswali yake, alikwenda kwa mkuu wa shule. Mkuu wetu wa wakati ule hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba hakuweza kuvumilia mtu atoke ofisini kwake amenuna. Akaamuru folda zote zifunguliwe kwa watu wote, kila mtu aweze kila kitu.

Mwalimu wa Mashine alimwambia kwamba hilo ni kosa. Mkuu akasisitiza. Mwalimu akasema vizuri, andika, na utie saini. Barua niliichapa mimi, mkuu akatia saini, na Mwalimu akafungua folda kama alivyoagizwa, kisha akaibandika barua ukutani juu ya mashine ili kila anayeketi pale aisome.

Faili langu la pointi za darasa la mwisho lilikuwa ndani ya folda hiyo ya walimu wote. Pointi za mwaka mzima, watoto arobaini na watatu. Nilipojua kwamba milango yote imeachwa wazi, nilijiona mjanja. Nililifunga faili langu: lisomwe tu, mtu asiandike ndani yake. Nikaenda nyumbani na moyo mweupe. Nilimfunga mtoto minyororo na orodha nikaiacha mezani.

Jumatatu faili halikuwepo.

Tulitafuta nakala. Hapo ndipo Mwalimu wa Mashine aliposema, bila kuinamisha macho, kwamba diski iko nyumbani na ndani yake kuna katuni. Walimu wakarudi kwenye madaftari yao, nami nikaandika pointi upya wiki tatu. Wawili kati yao, wa kemia na wa Kirundi, hawakuwa na madaftari tena. Watoto wote wa darasa lile wakaitwa kurudia mtihani wa kemia na wa Kirundi katikati ya likizo, wakati wenzao wako nyumbani.

Lawama ikaniangukia mimi. Faili lilikuwa kwa jina langu, nililifunga mwenyewe, sasa nani mwingine angelifuta? Wengine walisema nilipewa kitu na mzazi fulani ili niandike pointi upya nikipendelea. Pale sokoni Jabe, mama mmoja wa nyanya ambaye binti yake alikuwa darasa hilo alizitoa nyanya kwenye kikapu changu, akazirudisha mezani, akaniambia haziuzwi. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia kama mtoto, na sioni haya kulisema.

Mkutano wa walimu uliitishwa ili niondolewe. Mwalimu wa Mashine akasimama, akaomba kompyuta iletwe juu ya meza. Alinifanya niandike faili dogo ndani ya folda ile ile, kwa jina langu, na kulifunga kama nilivyofunga lile la pointi. Akamwita mwalimu wa historia aingie kwa jina lake yeye. Akamwambia aandike kitu ndani ya faili langu. Mashine ikakataa. Akamwambia sasa alifute. Mwalimu wa historia akabonyeza, na faili likatoweka mbele ya macho yetu. Mwalimu wa Mashine akaweka mezani ile barua yenye saini, aliyokuwa ameibandua ukutani.

Mkuu wa shule aliona haya, na haya yake yakageuka hasira. Akataka apewe hapo hapo neno la siri la root, ili aletwe mtu mwingine aichunguze mashine.

"Apana, direkteri," Mwalimu wa Mashine akasema. "Modipasi sikupi. Kuna watoto mu mashine ile, na we umeshanionyesha namna unafungua mulango. Hata ukiandika barua, sikupi."

Hayo ndiyo maneno yaliyomfanya shujaa. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameachishwa kazi. Fundi mpya alikuja, na kwa kuwa hakuwa na neno la siri alifuta mashine yote na kuanza upya, hivyo hakuna aliyeweza tena kuchunguza chochote. Mimi nilibaki kazini, maana jaribio lile lilionyesha kwamba yeyote angeweza kufuta. Lakini yeyote ni pamoja na mimi. Miaka mitatu niliishi na utani ule ule: usimpe Madamu faili, ataliyeyusha. Nilijibu kila mara, kwa sauti, mbele ya yeyote, na nilipojibu nilimtaja Mwalimu wa Mashine na neno lake la apana.

Mwaka huu tumepata mkuu mpya wa shule. Akafungua dosiye za wafanyakazi, akakuta ndani ya yangu karatasi moja inayosema kwamba nilishukiwa kufuta pointi. Akasema suala hilo litazungumzwa kwenye mkutano wa walimu, na mkataba wangu utategemea mkutano huo. Nilimwambia vizuri, tutazungumza. Asubuhi ya siku ya mkutano nilipanda basi kwenda Kibenga, ambako Mwalimu wa Mashine anaishi sasa kwa binti yake, kwa sababu sukari imemshika mguu. Nilitaka aniandikie maelezo ya jaribio lile ili niyasome mbele yao.

Nilimkuta barazani, mguu umewekwa juu ya stuli, kofia ni ile ile ila si nyeupe tena. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akamtuma binti yake jikoni alete chai. Kisha akasema, bila kuinamisha macho, kama alivyosema ile habari ya katuni:

"Ni mi nilifuta."

Sikuelewa. Akanieleza polepole. Siku mbili baada ya folda kufunguliwa, mwalimu wa historia, ambaye sasa alikuwa na ruhusa yote aliyoitaka, aliona uvivu kufuta mitihani ile ya zamani mmoja mmoja, akamwomba amfutie. Ilikuwa Ijumaa, adhana ilikuwa karibu. Mwalimu akaingia kama root ili amalize yote kwa amri moja. Alidhani yuko ndani ya folda ndogo ya mitihani, kumbe alikuwa amesimama kwenye ile kubwa ya walimu, nayo amri yake, iliyolenga mafaili yenye jina la darasa la mwisho, ikachukua na faili langu. Root haulizwi, na yeye hakuangalia nyuma. Jumatatu nilipopiga kelele, alifungua orodha ya amri zake mwenyewe, akaisoma pale.

"Kwa hiyo siku ya mkutano ulijua," nikasema.

"Nilijua. Na kila kitu nilichowaonyesha kilikuwa kweli. Ila kuna kimoja sikuwaonyesha."

"Na modipasi? Ulimkatalia direkteri kwa sababu ya watoto ama kwa sababu wangesoma amri yako?"

"Vyote viwili," akasema. "Siku ile sikujua ni kipi kilikuwa kinaongea. Mupaka leo sijui."

Nilikasirika. Miaka mitatu nimembeba mtu huyu mdomoni mwangu, nimegombana na watu kwa ajili yake, na miaka mitatu yote alikuwa na neno moja ambalo lingenirudishia jina langu. Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia pia kuhusu nyanya. Hakujitetea. Aliingiza mkono chini ya mto aliokuwa ameegemea, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanipa. Alikuwa amekiri yote, na tarehe ilionyesha ameiandika zamani. Alisema aliiandika mara tatu na mara zote hakupata mtu wa kuipeleka.

Niliisoma, nikamrudishia. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, sijui tangu lini.

"Apana, Mwalimu," nikamwambia. "Barua zote za shule ile naandika mi. Nikiingia na hii watasema nimeichapa jana. Hata mi ningesema hivyo. Unataka nipone, njoo useme na mudomo wako."

"Mama, baba hatembei," binti akasema. "Ana miezi miwili hajatoka mu geti."

Mwalimu wa Mashine aliutazama mguu wake kama anayeangalia kitu cha mtu mwingine. Akauliza mkutano ni saa ngapi. Nikamwambia saa kumi. Akamwambia binti yake alete viatu. Binti akaanza tena habari ya daktari, naye akarudia neno lile lile, viatu, bila kupandisha sauti. Cha kulia kiliingia. Cha kushoto kilikataa, tulijaribu wote watatu, mguu ulikuwa umevimba. Akasema kiachwe, aletewe ndala.

Tulikodi taksi mpaka Kigobe. Njiani aliniuliza ni nani bado yuko na ni nani ameondoka, nikamtajia, na alipolisikia jina la mwalimu wa historia akasema afadhali, shahidi yupo. Sikumwambia neno la kumtuliza. Bado nilikuwa na hasira naye, na bado ninayo kidogo.

Tulipoingia ukumbini walimu walisimama, wengi wao wanamkumbuka, wengine wakaanza kupiga makofi. Aliwanyamazisha kwa mkono. Mkuu mpya akamsogezea kiti, naye akakikataa, akasema atakaa akimaliza. Miaka tisa ya ofisi moja aliniita Madamu, nami nilidhani hata hajui naitwa nani. Alisimama pale na kiatu kimoja na ndala moja, ameshika ukingo wa meza, akataja jina langu lote, la kuzaliwa na la ubatizo, kisha akasema alichokuja kusema.